Milioni 120 mkononi: gharama za kununua nyumba Dar ambazo haziko kwenye bei

Neno lililotugharimu kuliko yote tulipokuwa tunanunua nyumba ni "mkononi". Mzee mwenye nyumba alitukaribisha sebuleni, akatumiminia chai, akasema: "Mwanangu, mimi sina maneno mengi. Nataka milioni 120 mkononi." Mume wangu akanitazama, mimi nikamtazama dalali, dalali akaangalia dari. Tukapeana mikono. Barabarani tukirudi ndipo dalali akatufafanulia kwamba mkononi maana yake ni hizo hizo milioni 120 zimfikie mzee nzima nzima. Kodi, ada, wakili, mthamini, vyote ni vya mnunuzi.

Hiyo ilikuwa Goba, Machi 2024. Kuanzia chai ile hadi hati kusoma majina yetu ilipita miezi minne, na juu ya bei tulitoa zaidi ya milioni 10. Ninachoandika hapa ni njia tuliyopita, kwa nyumba yenye hatimiliki, Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za ardhi, na nyumba yenye leseni ya makazi au karatasi ya serikali ya mtaa tu ni safari nyingine kabisa. Viwango ninavyovitaja vikague upya ukifika wakati wako, kwa kuwa kila Julai bajeti mpya inaanza kazi na chochote kinaweza kuguswa.

Hatua ya kwanza: malizana na dalali kabla hujapanda gari lake

Muulize mambo mawili. Yeye ni dalali wa nani, na analipwa na nani? Kwa mazoea ya hapa mjini muuzaji ndiye anayemlipa dalali, na asilimia 5 ndiyo utakayoisikia mara nyingi. Lakini dalali mwenye njaa anachukua huku na huku, na mara nyingine nyuma yake yuko dalali wa dalali, anayeibuka siku ya malipo na shati limepigwa pasi, akidai yeye ndiye aliyeijua nyumba kwanza. Kwetu waliibuka wawili. Wa kwanza alitaka asilimia 5 kutoka kwetu pia, yaani milioni 6. Tukabishana wiki nzima, tukaishia milioni 2 kwa wote, wagawane wenyewe. Tungeandika siku ya kwanza, hata kwa ujumbe wa simu, nadhani tungelipa pungufu ya hapo.

Hela ya kuonyeshwa nyumba mpe, ni ya mafuta na muda wake. Usimpe hela ya "kuishikilia nyumba". Nyumba haishikiliwi na dalali.

Hatua ya pili: upekuzi, kabla ya kubishana bei

Omba nakala ya hati. Nenda nayo, au mtume wakili, ofisi ya ardhi kwa Msajili wa Hati, ufanye upekuzi rasmi. Ada yake ni ndogo ukilinganisha na kila utakachokilipa baadaye, na inalipwa kwa kontroo namba kama malipo yote ya serikali. Majibu yanakuambia jina la mmiliki aliyesajiliwa, muda wa hati uliobaki (hati hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, na si milki ya milele kama wengi wanavyodhani), na kama kuna rehani ya benki au zuio lolote.

Ukikuta rehani usikimbie, ila uliza. Mkopo umebaki kiasi gani, nani ataulipa, na nani atalipia kuondoa rehani kwenye daftari? Njia salama ni sehemu ya bei yako iende moja kwa moja benki kwenye akaunti ya mkopo, hati ikombolewe, kisha ndipo kinachobaki kimfikie muuzaji. Kumpa mtu fedha taslimu ili "akakomboe hati" ni kumpa imani ambayo hata ndugu yako hujampa.

Siku hiyo hiyo ulizia kodi ya pango la ardhi. Mzee wetu alikuwa hajalipa tangu 2019. Deni linakaa kwenye kiwanja, halimfuati mtu, na usipolisema mapema utalirithi pamoja na ukuta na geti.

Hatua ya tatu: nani analipa nini, kwa maandishi

Wengi huiruka hii wakiwahi kusaini. Chukua karatasi, ipige mstari katikati, upande mmoja muuzaji, upande wa pili mnunuzi, na kila gharama ipate upande wake.

Kubwa kuliko zote ni kodi ya ongezeko la mtaji. Kisheria hii ni ya muuzaji, kwa sababu yeye ndiye aliyepata faida. Kwa mkazi wa Tanzania ni asilimia 10 ya faida, yaani bei ya kuuza toa alichotumia kununua, kujenga na kuboresha, na ushahidi wake awe nao. Tuseme alinunua kiwanja kwa milioni 15, akajenga kwa milioni 45, anauza kwa 120. Faida ni milioni 60, kodi ni milioni 6. Asiye na kumbukumbu, na nani Goba alitunza risiti za mchanga na kokoto za mwaka 2012, hukadiriwa asilimia 3 ya bei ya kuuza au ya thamani iliyoidhinishwa na mthamini wa serikali, iliyo kubwa kati ya hizo mbili. Kuna msamaha pia kwa nyumba ya kuishi: kama mwenyewe ameimiliki na kuishi humo kwa miaka 3 au zaidi, na faida haizidi milioni 15, halipi. Kwa bei za Dar za siku hizi wachache wanaingia humo.

Sasa, kama ni kodi yake, inakuhusu nini? Inakuhusu kwa sababu Msajili hahamishi hati bila cheti cha TRA kuonyesha kodi hiyo imelipwa. Mzee akishashika fedha zake na kwenda zake Kibaha, anayehangaika na hati ni wewe. Kwa hiyo "mkononi" ni neno zito. Anakuuzia nyumba, anakuuzia na kodi yake.

Sisi tulirudi kwa mzee na karatasi yetu. Akashangaa kweli kweli: "Kodi? Si mnunuzi ndiye anayelipa?" Hakuwa anatudanganya, alipouza kiwanja chake cha mwanzo hakuna aliyemwambia, mnunuzi akabeba yote. Tukakaa naye jioni mbili. Mwisho tukakubaliana bei iwe 122, na kodi ya ongezeko alipe yeye, ikatwe kwenye fedha zake kabla hazijamfikia. Ilipokuja kukokotolewa ilikuwa milioni 3.84. Tuliongeza 2, yeye akabeba 1.84. Hakuna aliyefurahi sana, na hakuna aliyenuna.

Upande wetu ukabaki na ushuru wa stempu, wakili wetu, mthamini na ada za ofisi ya ardhi. Upande wake: kodi ya ongezeko, pango la ardhi lililolimbikizwa, bili za maji na dalali wake.

Hatua ya nne: mke yuko wapi?

Wakili alimuuliza mzee swali hilo mara tu alipofungua faili. "Mama yuko wapi?" Mzee akasema haya ni mambo ya wanaume. Wakili akafunga faili.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mwanandoa mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na wale wawili waliishi kwenye nyumba ile miaka 11 kabla ya kuhamia Kibaha. Ridhaa hiyo inaandikwa, inasainiwa mbele ya wakili, na picha inabandikwa. Gharama yake kwa fedha ni ndogo sana. Kwa muda, kwetu ilikuwa wiki tatu, kwa kuwa mama alikuwa hajaambiwa chochote. Alikuja siku hiyo amejifunga khanga, akakaa, akasikiliza yote, kisha akasema: "Mimi sina neno. Ila kuku wangu walioko kule nyuma hawahami mpaka vifaranga vikomae." Ikaandikwa kwenye mkataba. Nina nakala, kifungu cha 9, kuku.

Kama muuzaji ni mjane, mtalaka au mrithi, omba karatasi zinazothibitisha. Kwa mirathi ni barua ya mahakama ya usimamizi, na ridhaa ya warithi. Nyumba ya mirathi iliyouzwa na kaka mkubwa peke yake ndiyo inayojaza mabaraza ya ardhi.

Hatua ya tano: wakili, na kile kipande cha asilimia 18

Tafuta wakili wako, asiwe wa muuzaji. Asilimia 3 ya bei ndiyo utakayoisikia kwanza. Wetu alianza hapo, tukashuka hadi 2 ya ile bei ya kwanza ya 120, yaani milioni 2.4. Nikaona nimeshinda. Ankara ikaja na 2,832,000, kwa sababu ofisi yake imesajiliwa VAT na sikuuliza kama bei ile ilikuwa na VAT ndani yake. Uliza. Uliza pia kama ada inahusu mkataba peke yake au na kufuatilia uhamisho mpaka hati itoke. Kuna mawakili wanaokuandikia mkataba mzuri, wanagonga muhuri, halafu unaachwa kwenye foleni ya ofisi ya ardhi na bahasha yako.

Usiandike bei ya uongo kwenye mkataba. Utashauriwa hivyo, na anayekushauri atakuwa anatabasamu: "Tuandike 70 tupunguze kodi." Kwanza, kodi haikokotolewi kwa bei mliyoiandika tu, mthamini atakuja. Pili, mauzo yakivunjika na ukaenda kudai, karatasi yako inasema ulilipa 70. Hizo 52 nyingine utazithibitishaje?

Hatua ya sita: mthamini

Mthamini aliyesajiliwa anakuja, anapima, anapiga picha mpaka choo cha nje, anaandika ripoti, na ripoti inapelekwa kuidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Thamani iliyoidhinishwa ndiyo inayotumika. Sisi tumekubaliana 122, ripoti ikarudi na 128. Ndiyo maana kodi ya mzee ikawa asilimia 3 ya 128, na ushuru wetu wa stempu pia ukafuata huko. Kwa mthamini tulitumia laki sita.

Ushauri wangu: fanya uthamini mapema, kabla ya kufunga mjadala wa nani analipa nini. Mzee wetu karibu abadili mawazo alipoona namba imepanda.

Hatua ya saba: kusaini, na saa inaanza kuhesabu

Mkataba wa mauzo unasainiwa, na pamoja nao fomu za uhamisho: namba 29 ya taarifa ya uhamisho, 30 ya kuomba kibali, na 35 ambayo ndiyo hati ya uhamisho yenyewe. Picha ndogo, nakala za NIDA na TIN za pande zote ziwe tayari. Muuzaji asiye na TIN ataombewa, na hapo siku nyingine zinaondoka.

Malipo tuligawa mara mbili: asilimia 30 siku ya kusaini, na zilizobaki zikakaa kwenye akaunti ya wateja ya wakili mpaka cheti cha kodi kitoke. Mzee hakuupenda mpango huo. Tukampeleka kwa wakili akaambiwa kwa kinywa cha mtaalamu, akatulia. Lipa kupitia benki, kwenye akaunti yenye jina lile lile lililo kwenye hati. Akaunti ikibadilishwa dakika za mwisho kwa ujumbe wa simu, piga simu kwa namba unayoijua wewe, au nenda.

Hapa pia ndipo serikali ya mtaa inapoingia na asilimia 10 yake. Utaambiwa mwenyekiti anatakiwa kushuhudia, na akishuhudia anachukua sehemu kumi. Hakuna sheria inayompa fungu hilo, na viongozi wa juu wamelikemea mara nyingi. Kwa nyumba yenye hati, ushahidi wa wakili unatosha. Sisi tulikwenda kujitambulisha kama majirani wapya, tukabeba kreti moja ya soda, tukaondoka kwa heshima. Milioni 12 kwa muhuri wa wino wa zambarau hapana.

Hatua ya nane: TRA na ofisi ya ardhi

Ushuru wa stempu ni asilimia 1 ya thamani, kwetu 1,280,000, na unatakiwa ulipwe ndani ya siku 30 tangu kusaini. Ukichelewa kuna adhabu, na waraka usiolipiwa stempu haupokelewi mahakamani kama ushahidi. Wengi husaini, wakapumua, wakasafiri kwenda msibani au harusini, wakarudi siku ya 45. Weka alama kwenye kalenda.

Kodi ya ongezeko inalipwa hapo hapo TRA kwa jina la muuzaji. Ukipata cheti, faili zima linakwenda ofisi ya Kamishna wa Ardhi Msaidizi: fomu, mkataba, ripoti ya mthamini, ridhaa ya mama, risiti ya pango la ardhi, hati halisi. Hapo unapewa ankara ya ada za kibali na usajili. Yetu ilikuwa na mistari mitatu na kila mmoja nilimwomba karani anieleze. Alinieleza vizuri tu, bila kuchoka. Kila mstari una kontroo namba. Ukiambiwa "hii nyingine nipe tu mkononi", neno hilo tena, omba kontroo namba yake na utaona inavyoyeyuka.

Unaponunua kwa mkopo wa nyumba, ongeza juu ya haya ada ya kuandaa mkopo, bima ya maisha, bima ya moto na usajili wa rehani. Benki inaweza kukata baadhi kwenye mkopo wenyewe, hivyo fedha inayomfikia muuzaji ikapungua na wewe ukatakiwa kuziba pengo. Dai orodha ya makato kwa maandishi kabla hujasaini barua ya ofa ya mkopo.

Hesabu yetu ilivyosimama

Nyongeza ya bei kwa mzee milioni 2. Madalali 2. Mthamini 0.6. Wakili na VAT 2.832. Stempu 1.28. Hiyo ni milioni 8.712, na ukiweka ada za ofisi ya ardhi, upekuzi, nakala, viapo, nauli za bodaboda kati ya Goba na mjini, na zile chai ambazo kila mara tulilipa sisi, ikapita 10. Anayeniuliza leo namwambia atenge asilimia 10 ya bei kando, kwenye akaunti nyingine kabisa, na bei atakayoitaja kwa dalali iwe ile inayobaki. Ukiwa na 120 tafuta nyumba ya 108. Ukimwambia dalali una 120, nyumba zote mjini zitakuwa za 120.

Hatua ya mwisho: funguo

Kabla ya kupokea funguo, soma mita ya maji mkiwa wote wawili na upige picha, kisha nenda DAWASA ukabadilishe jina. Deni la maji halijui kama mwenye nyumba amebadilika. Umeme nao ubadilishe jina TANESCO.

Kwenye umeme kuna kitu ambacho sikukijua. Usiku wa kwanza tulinunua LUKU ya 20,000. Uniti zikaja chache mno nikadhani nimekosea tarakimu. Kumbe kodi ya majengo hukatwa humo humo kwenye LUKU, 1,500 kila mwezi kwa nyumba ya kawaida, na nyumba ilikaa bila mpangaji. Miezi tisa bila mtu kununua umeme, 13,500 ikasubiri mteja. Mteja akawa mimi. Tulilala na taa moja ya barazani na feni imezimwa, nje kuku wa mama wakikwaruza, kwa kuwa vifaranga vilikuwa bado.

Asubuhi nikaenda kununua vitasa vipya vya milango mitatu. Hivyo pia sikuviweka kwenye hesabu.